Maswali ya Wasomaji: Barua Pepe Yangu, Namba ya Mwenye Steshenari

Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu kutoka Mtwara na Lindi, nne zinagusa jambo moja kwa njia tofauti, nalo ni namba ya simu ambayo mtoa huduma ya barua pepe huiomba, na yanayofuata baada ya kuitoa. Nimezifupisha kidogo na kuondoa majina ya walioziandika, kama wao wenyewe walivyoomba.

SWALI: Mimi ni mhitimu wa chuo, naishi Chuno, Mtwara. Nilipomaliza kidato cha sita nilifunguliwa barua pepe ya Gmail kwenye duka la steshenari, kwa sababu sikuwa na simu janja na mfumo wa mikopo ulidai anwani. Kijana wa dukani alijaza kila kitu, akaweka namba yake ya simu ili kazi iende haraka, kisha akaniandikia nywila kwenye kipande cha karatasi. Anwani hiyo ndiyo niliyoombea mkopo, nikajiungia na chuo na kujisajilia kwenye mfumo wa maombi ya ajira serikalini. Sasa nimenunua simu mpya, na nikijaribu kuingia naambiwa kwamba msimbo umetumwa kwenye namba inayoishia na 47, ambayo si yangu. Duka nalo limehama. Nifanye nini, na je, kijana yule anaweza kusoma barua zangu?

JIBU: Mwanangu, pole. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo zito. Ndiyo, anao uwezo huo, hata kama hana nia hiyo. Siku aliyokufungulia anwani alibaki na vitu viwili mkononi. Cha kwanza ni nywila, kwa kuwa ndiye aliyeitunga. Cha pili, ambacho wengi hukisahau, ni namba ya kurejesha akaunti. Unaweza kubadilisha nywila kila wiki, lakini mwenye namba hiyo akienda kwenye ukurasa wa kuingilia, akaandika anwani yako na kusema amesahau nywila, msimbo unaweza kutumwa kwenye simu yake, naye akaweka nywila mpya bila wewe kuulizwa neno. Na akishaingia, hazioni barua tu: mfumo wa mikopo, wa chuo na wa ajira, yote hutuma njia ya kubadilisha nywila kwenye sanduku hilo hilo, kwa hiyo mwenye sanduku ndiye mwenye yote.

Nasema haya bila kumchafulia jina kijana yule. Niliwahi kukaa nusu siku katika duka la namna hiyo hapa mjini, msimu wa maombi ya mikopo, nikisubiri kutoa nakala za vyeti. Juu ya meza palikuwa na kaunta buku lililochorwa safu nne kwa rula: jina la mteja, barua pepe, nywila, kiasi alicholipa. Foleni ilifika barazani. Nywila karibu zote zilikuwa jina la kwanza la mteja likifuatwa na mwaka, kwa sababu mhudumu alitaka mteja akirudi baada ya mwezi akiwa amesahau, amtafutie mara moja. Ilikuwa huduma, na wateja walimshukuru kwa dhati. Lakini daftari lilikuwa wazi, na mimi, mtu baki, ningeweza kulipiga picha nikaondoka na vijana wa mtaa mzima mfukoni.

Huenda unajiuliza kwa nini aliweka namba yake badala ya kuiruka hatua hiyo. Google huomba namba wakati wa kufungua akaunti ili kuwazuia watu wanaofungua akaunti kwa maelfu kwa kutumia programu, na namba moja hairuhusiwi kuthibitisha akaunti nyingi bila kikomo. Mhudumu anayefungulia watu kumi kwa siku huona namba yake imekataliwa upesi, ndipo anapochukua ya mkewe, ya shemeji yake, au ya laini ya zamani iliyosahaulika kwenye droo. Usishangae basi ukimpata akakuambia kwamba hiyo inayoishia na 47 haikumbuki.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kabla ya kumtafuta mtu yeyote, kumbuka kama kuna kifaa ambacho akaunti yako bado imefunguliwa: simu ya dada uliyoazima, kishikwambi cha rafiki wa chuo, kompyuta ya ofisi ulikofanyia mafunzo kwa vitendo. Mfumo wa kurejesha akaunti hupima kama kifaa na mahali ulipo vinafahamika kwake, kwa hiyo kujaribu kutoka kwenye kifaa ulichokuwa ukitumia, katika mtaa uliokuwa ukikitumia, kuna nafasi kubwa zaidi ya kukubaliwa kuliko kujaribu kwenye simu mpya ukiwa safarini Dar es Salaam. Ukiulizwa nywila ya mwisho unayoikumbuka, andika hata ile ya zamani kabisa, usiache wazi.

Hilo likishindikana, mtafute kijana. Maduka huhama lakini Mtwara si kubwa kiasi hicho, na waendesha bodaboda wa kijiwe cha pale wanajua alikokwenda. Mwendee kwa heshima, ukae naye uso kwa uso, aombe msimbo wewe ukiwa hapo na aukusomee. Ukishaingia, usiondoke kwenye kiti kabla ya kumaliza mambo haya kwa mfuatano: ondoa namba yake na uweke yako, angalia kama kuna barua pepe ya kurejesha akaunti ambayo pia ni ya kwake, nayo uiondoe, badilisha nywila, kisha toa vifaa vyote usivyovitambua. Mwisho ingia kwenye mipangilio ya Gmail penyewe na uangalie sehemu ya kusambaza barua, kwa sababu mtu anaweza kuwa ameelekeza nakala ya kila barua iende kwenye anwani nyingine, na mpangilio huo hauondoki kwa kubadilisha nywila.

Kuna jambo dogo ambalo huwashtua watu. Google hueleza kwamba ukibadilisha namba ya kurejesha akaunti, kwa siku 7 inaweza bado kupendekeza msimbo utumwe kwenye namba ile ya zamani. Wameweka hivyo ili mwizi akikubadilishia namba, wewe mwenye mali upate muda wa kuirudisha. Kwako wewe kanuni hiyo imegeuka kinyume, kwa hiyo wiki hiyo ya kwanza fungua sanduku lako kila siku na usome kila taarifa ya usalama inayoingia.

Kama njia zote mbili zimefungwa, fungua anwani mpya kwa laini iliyosajiliwa kwa kidole chako mwenyewe, halafu uziandikie huduma za mfumo wa mikopo, wa chuo na wa ajira uombe anwani ibadilishwe. Andaa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Fanya hivyo leo, wala usingoje tangazo la usaili, kwa maana wito wa usaili ukitumwa kwenye sanduku usiloweza kulifungua hakuna wa kumlaumu.

Na namba yako nayo usiifanye ufunguo pekee. Mimi nilifungua akaunti yangu ya kwanza kwa laini ambayo baadaye niliiacha kwa sababu vifurushi vya mtandao mwingine vilikuwa nafuu. Laini isiyotumika kwa miezi hufungwa, na baada ya muda namba huuzwa upya. Siku nilipohitaji msimbo, nilipiga ile namba akapokea mama mmoja mwenye sauti ya upole, aliyeniambia kwamba meseji za tarakimu zimekuwa zikimsumbua na yeye huzifuta. Miaka sita ya barua, zikiwamo picha za marehemu baba yangu, ilibaki huko.

Tangu siku hiyo nimetumia programu ya kuthibitisha, ile inayoonyesha tarakimu 6 zinazobadilika kila baada ya sekunde 30. Inahesabu kwa kutumia siri iliyohifadhiwa ndani ya simu pamoja na saa, haihitaji laini wala mtandao, kwa hiyo hufanya kazi hata kule ambako ukitaka kupiga simu unapanda kwenye kichuguu. Sharti lake ni saa ya simu iwe sahihi. Ukiirudisha nyuma kwa mkono, tarakimu zitakataliwa nawe utadhani umedukuliwa. Pamoja na hiyo, Google hutoa misimbo mbadala 10, kila mmoja wa tarakimu 8 na wa kutumika mara moja. Iandike kwenye karatasi, uitie kwenye bahasha ya vyeti vyako vya shule. Bahasha hiyo najua huipotezi.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Newala. Mjukuu wangu anataka kufungua barua pepe na anaombwa namba ya simu. Sisi tulizoea barua ya posta, ambayo bahasha ikifunguliwa njiani unaiona gundi imeharibika. Je, wenye kampuni hizi wanasoma barua za watu? Namba wanaitakia nini hasa? Na nimesikia kwamba ipo kampuni ya Uswisi isiyoomba namba. Je, hiyo ndiyo salama?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Swali lako la gundi ni zuri, kwa sababu katika barua pepe hakuna gundi ya kuangalia: ikisomwa haiachi alama yoyote kwenye bahasha.

Bila shaka unakumbuka kijana wa kijijini aliyekuwa akiwasomea wazee barua zao na kuwaandikia majibu. Pengine ulikuwa wewe. Kijana yule alijua nani anadaiwa mahari, nani amefukuzwa kazi mkongeni, na nani ana mke wa pili Songea, wala hakuwa mchunguzi. Barua zilipita kinywani mwake tu. Mtoa huduma wa kawaida wa barua pepe yuko katika nafasi ile ile. Njiani, kutoka seva moja hadi nyingine, barua siku hizi mara nyingi husafiri ikiwa imesimbwa, yaani imegeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, kwa hiyo mtu wa kati anayenasa mawasiliano hapati kitu. Lakini ikifika kwa mtoa huduma, yeye ndiye mwenye ufunguo wa ghala, na mitambo yake huipitia ili kutenga barua taka na virusi. Kwa miaka mingi Google ilipitisha mitambo kwenye barua za Gmail pia ili kuchagua matangazo ya kumwonyesha msomaji, na mwaka 2017 ikatangaza kuliacha hilo. Kupitisha mitambo kwa sababu za usalama kunaendelea. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba kuna karani Marekani anayekaa na chai akisoma barua za mjukuu wako. Namwambia kwamba uwezo wa kuzifungua upo, na kwamba amri halali ya mahakama inaweza kuutumia.

Hiyo kampuni ya Uswisi ni Proton, ambayo huduma yake ya barua ilianza kutolewa kwa umma mwaka 2014, ikianzishwa na watu waliokutana katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN. Wao husimba barua kwa namna ambayo hata wenyewe hawawezi kusoma kilichomo, na mara nyingi unaweza kufungua akaunti bila kutoa namba. Lakini tupime kwa uangalifu. Kichwa cha barua hakisimbwi kwa namna hiyo, kwa hiyo anayeandika "Matokeo yangu ya kipimo" katika mstari wa mada amekwisha kusema nusu ya habari. Barua ikienda kwa mtu wa Gmail, nakala yake inalala Gmail. Na mwaka 2021 kampuni hiyo ililazimishwa na amri ya kisheria ya Uswisi kutoa anwani ya IP ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa, yaani ile namba inayoonyesha kifaa chake kiliingilia wapi kwenye mtandao. Barua zake hazikusomeka, ila alikopita alijulikana.

Namba ya simu nayo ina kazi mbili, na ubaya uko katika kuzichanganya. Ya kwanza ni ulinzi: kukutumia msimbo, kukujulisha kwamba mtu ameingia. Ya pili ni kukutambua, yaani kuunganisha anwani hii na mtu yule yule aliyenunua kitu pale na kujisajili kule. Unapoandika namba kwenye kisanduku kilichoandikwa "kwa usalama wako", unaitoa kwa kazi ya kwanza, na haki yako ni kwamba ibaki hapo. Haikubaki hapo kila mara. Mwaka 2022 kampuni ya Twitter ilikubali kulipa dola za Marekani milioni 150 baada ya mamlaka za huko kuishtaki kwamba namba na barua pepe za watu, zilizochukuliwa kwa ajili ya usalama, zilikuwa zikitumika pia kulenga matangazo. Facebook ilitozwa dola bilioni 5 mwaka 2019, na miongoni mwa malalamiko dhidi yake lilikuwamo hilo la namba za usalama. Na hata mtoa huduma mwenye nia njema huibiwa: katika wizi wa mwaka 2013 ziliguswa akaunti zote za Yahoo, bilioni 3, na namba za simu zilikuwa sehemu ya kilichochukuliwa.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uliokamilishwa Januari 2020, namba ya simu ya Mtanzania imefungwa na kitambulisho chake cha NIDA, na kwa wengi wetu ndiyo pochi pia. Mtu huweza kuwa na anwani tatu za barua pepe kwa majina ya utani, lakini akizifunga zote na namba moja, majina ya utani yameisha.

Ushauri wangu kwa mjukuu, Mwalimu, huenda usiwapendeze wanaopenda siri kuliko mimi. Kama anatumia simu ya Android na amekwisha kuingia kwenye akaunti ya Google, kampuni hiyo inamfahamu tayari. Kuificha namba kutamnufaisha kidogo, ilhali kuikosa siku amesahau nywila kutamgharimu sana. Aitoe, iwe yake kweli, na baadaye aongeze programu ya kuthibitisha kama nilivyomweleza binti wa Chuno. Kama ana mambo ambayo kweli hataki yajulikane, afungue ya Uswisi pembeni, ila ajue kwamba kule akipoteza nywila na maneno ya kurejesha akaunti aliyopewa, barua za zamani zimefungwa moja kwa moja, na hakuna dirisha la huduma litakalomfungulia. Asichopaswa kufanya ni kuandika namba yake kwenye kila fomu ya intaneti inayoiomba. Duka la viatu halina sababu ya kuijua, na ikiwa kisanduku hakina alama ya lazima, akiruke.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Juu ya hiyo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia. Inamtaka anayekusanya taarifa za mtu aseme anazikusanyia nini na asizitumie kwa jambo jingine, na inampa mwenye taarifa haki ya kuziona, kuzirekebisha na kukataa zisitumike kumtangazia biashara. Kaunta buku la steshenari nalo, kwa maoni yangu, haliko nje ya sheria hiyo, ingawa sijamwona mwenye duka aliyelifikiria hivyo.

SWALI: Mimi ni katibu mpya wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wilayani Tandahimba. Barua pepe ya chama ilifunguliwa na katibu aliyepita kwa namba yake binafsi. Hatukugombana, lakini amehamia Liwale na mara nyingi hapatikani. Msimu wa korosho ukianza tunapokea taarifa za minada na kutuma orodha za malipo kwa anwani hiyo. Nimeona heri niulize mapema.

JIBU: Ndugu Katibu, umeuliza kwa wakati. Mpate mwenzako angali anapokea simu, na mbadilishe namba mkiwa mmeunganishwa moja kwa moja, yeye akikusomea msimbo papo hapo. Usiseme "tutafanya akija kwenye mkutano mkuu".

Ila usiweke yako mahali pa yake, maana miaka mitatu ijayo katibu mwingine atakuwa akituandikia barua hii hii. Chama kinunue laini iliyosajiliwa kwa jina la chama, ikae kwenye simu ndogo, hata kitochi, ndani ya kabati la ofisi, na iwekwe vocha mara kwa mara ili isifungwe. Programu ya kuthibitisha inaweza kuwekwa kwenye simu mbili kwa mara moja, yako na ya mwenyekiti, kwa kupiga ile picha ya mraba ya vitone kwa simu zote mbili kabla ya kubonyeza kitufe cha kumaliza. Misimbo ya karatasi ifungiwe pamoja na vitabu vya stakabadhi, na makabidhiano ya uongozi yaitaje kwa maandishi kama yanavyotaja mhuri na mizani.

Kuna jingine ambalo hukuliuliza. Msimu uliopita nilipita kwenye ghala moja, sitalitaja, nikaona mlangoni karatasi ya malipo iliyobandikwa: jina la mkulima, kilo, fedha anazodai, na pembeni namba yake ya simu. Nilisimama nikaisoma yote hadi chini, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mtu akiipiga picha karatasi ile jioni, kesho asubuhi anaweza kumpigia mzee yeyote aliyemo, amtaje kwa majina matatu na kilo zake sawasawa, halafu amwambie malipo yake yamekwama na kwamba atume kwanza ada. Mzee atakuwa na sababu gani ya kutoamini? Wanachama wana haki ya kuona kilo na fedha. Namba za simu zibaki kwenye faili la ofisini. Na orodha hiyo ikitumwa kwa barua pepe kwenda chama kikuu, safu ya namba iondolewe kama benki haiihitaji.

SWALI: Nina mgahawa mdogo Lindi mjini. Juzi nilipata meseji ya Google yenye tarakimu sita ambazo sikuziomba. Baada ya dakika chache mtu alinipigia akisema ni wa huduma kwa wateja wa mtandao wangu wa simu, akanitaja kwa jina, akataka nimsomee tarakimu hizo ili asinifungie laini. Nilikuwa nageuza chapati, nikamwambia asubiri, akakata. Je, nimeokoka?

JIBU: Mama, chapati zimekuokoa. Mtu yule alikuwa tayari ameandika anwani yako kwenye ukurasa wa kuingilia, na pengine nywila yako pia anayo; kilichobaki ni zile tarakimu. Kampuni ya simu haina kazi yoyote na msimbo wa Google, na hakuna mhudumu wa kweli, wa kampuni yoyote, anayehitaji kusomewa msimbo uliotumwa kwako. Jina lako kulijua si muujiza, kwa sababu mtu akianza kukutumia fedha kwa simu huliona jina lako kabla hajathibitisha.

Badilisha nywila leo, na kama nywila hiyo ndiyo unayotumia Facebook na kwingineko, huko nako ubadilishe. Meseji za kitapeli, zile za "tuma kwenye namba hii", unaweza kuzipeleka pamoja na namba iliyozituma kwenda 15040, utaratibu uliowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Halafu piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, hasa kama uliwahi kusajili kwa wakala wa mwavuli barabarani aliyekuambia "weka tena kidole, mama, hakijasoma". Kidole cha pili mara nyingine husajili laini ya pili. Ukikuta namba usiyoitambua, chukua kitambulisho chako uende mwenyewe kwenye duka la kampuni husika ukaikane. Usimtume kijana wa kazi, kwa sababu wataomba kidole.